Maana ya Maisha Haigawiwi Ukumbini

Imekuwa desturi sasa, maofisini na katika vyumba vya walimu, kuzungumza juu ya vijana kama vile watu wanavyozungumza juu ya ugonjwa wa mifugo. Vijana wa leo, husemwa, hawana malengo. Vijana wa leo hawapendi kazi. Vijana wa leo wanataka utajiri wa usiku mmoja. Maneno hayo husemwa na mtu aliyeketi, mwenye mshahara unaofika kila mwisho wa mwezi, na aghalabu husemwa kikombe cha chai kikiwa mkononi. Akishayasema, msemaji hujiona ametimiza wajibu wake kwa taifa, akarudia majalada yake.

Hukumu hiyo kwanza haina ukweli. Pili, na hili ndilo baya zaidi, humstarehesha anayeitoa. Ikiwa kijana ameharibika mwenyewe, basi mwalimu aliyekaa naye darasani hana la kujibu, ofisa maendeleo ya jamii hana la kujibu, na kiongozi aliyepita kijijini mara moja katika miaka 5 naye hana la kujibu. Lawama yote hubebeshwa mtu mmoja ambaye hakualikwa kikaoni.

Anayeamini kwamba vijana hawapendi kazi na ashuke mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, kabla jua halijachomoza. Atawaona wakishusha magunia ya dagaa yaliyotoka visiwani, wakipita na mzigo begani juu ya ubao mwembamba uliolazwa kati ya chombo na nchi kavu. Akivuka kwenda Ukerewe katika siku za giza la mwezi, atawakuta wengine waliokesha ziwani na taa, wakivuta nyavu mpaka alfajiri kwa mikono iliyochanika. Ziwa hilo si bwawa la kuogelea. Ndilo lililoimeza MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na ndilo lililokipindua kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kijana anayelikabili ziwa hilo kila usiku katika mtumbwi wa mbao hawezi kuitwa mvivu na mtu ambaye hata kamba ya nanga hajapata kuishika.

Lakini aulizwe kijana huyo huyo maisha yake yanaelekea wapi; atatazama pembeni. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe, nalo si uvivu. Nyavu si zake, injini si yake, na bei hapangi yeye. Gharama ya mafuta na chakula hukatwa kwanza, kisha mgawo hufanywa na mwenye chombo, kwa daftari ambalo kijana hajaonyeshwa. Mbalamwezi ikitoka na uvuvi wa dagaa ukasimama, hubaki na fedha za siku chache na siku nyingi zisizo na jambo la kufanya. Anayo kazi, hana dhamana. Misuli yake inahitajika kila usiku. Akili yake na neno lake havihitajiki na mtu yeyote.

Hiyo ndiyo hali inayoitwa kukosa malengo. Kijana hupotewa na maana ya maisha pale ambapo hakuna jambo lenye uzito alilokabidhiwa, na hakuna mahali anapotakiwa kusimama na kutoa hesabu yake mbele ya wenzake.

WAUZAJI WA NDOTO

Penye njaa hapakosi mlanguzi. Katika miaka ya karibuni imezuka biashara ya kuwauzia vijana maana ya maisha ukumbini kwa kiingilio. Mzungumzaji hupanda jukwaani, suti inameta, akawaambia wasikilizaji wake kwamba umaskini uko kichwani mwao. Kwamba aliyefanikiwa aliota ndoto kubwa na aliyeshindwa aliota ndogo. Kwamba kila mtu atazame ndani ya nafsi yake, humo atalikuta kusudi lake. Vijana hupiga makofi, hurudi nyumbani, na kesho yake hukuta bei ya dagaa ni ile ile na mwenye daftari ni yule yule.

Mafundisho hayo yafaa yaitwe kwa jina lake. Ni mafundisho ya unyonyaji yaliyovikwa joho la hekima. Mtu aliyepunjwa kwenye mizani anaambiwa ajikague moyo, naye mpunjaji anaachwa na mizani yake. Na ajabu ni kwamba zipo shule na ofisi za umma zinazowaalika wazungumzaji wa namna hiyo, huku zikiwa hazijapata kumwalika hata mara moja mvuvi, mkulima wa pamba au fundi wa boti aje aeleze hesabu za kazi yake.

Ndugu wa pacha wa biashara hiyo ni mashine ya kamari iliyosimama kwenye pembe ya mtaa, inayomeza sarafu ya shilingi 200 moja baada ya nyingine, pamoja na vibanda vya kubashiri mpira. Ukumbi na mashine huuza bidhaa moja: imani kwamba maisha hubadilika kwa mruko mmoja. Tofauti ni kwamba mashine haidai kuwa mwalimu. Biashara hiyo ina leseni na hulipa kodi, na watumishi wa umma wanaowalaani vijana kwa kubashiri wangefanya vema kwanza kutazama katika droo zao kama hakuna mkeka wa Jumamosi iliyopita.

Mwaka 2004 ilitolewa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyowaonyesha ulimwengu watu wa Mwanza, wakiwamo watoto wa mitaani, kana kwamba ni mabaki yaliyotupwa kando ya biashara ya sangara. Nchi ilikasirika, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea filamu hiyo hadharani. Hasira hiyo ilieleweka, kwa kuwa hakuna taifa linalopenda watoto wake waonyeshwe kama takataka. Lakini ofisa anayesema leo kwamba kizazi kizima cha vijana hakina maana anaitengeneza filamu ile ile upya, bila kamera, tena kwa mshahara wa serikali.

USUKUMA ULIJUA

Jambo hili halihitaji kutafutiwa jibu ng'ambo. Kabla ya kuwapo ukumbi wowote wa semina, vijiji vya Usukuma vilikuwa na chama cha vijana cha kazi, na chama hicho kilikuwa na kiongozi wake, nsumba ntale, yaani kijana mkuu. Mwenye shamba lililomshinda aliwaendea vijana kupitia kwa kiongozi huyo. Wao walikuja kwa pamoja, wakalima kwa mstari na kwa wimbo, wakalipwa kwa chakula au mnyama. Kijana mzembe hakuhitaji kuhutubiwa na mzee. Mstari wenyewe ulimhukumu, kwa sababu jembe lake lilibaki nyuma machoni pa wote.

Baada ya mavuno zilifuata ngoma. Bagika na Bagalu, jamii mbili za wachezaji zilizogawanya Usukuma, zilishindana uwanjani, na mshindi alikuwa yule aliyewavuta watazamaji wengi upande wake. Bugobogobo, ngoma ya jembe, ilizaliwa katika kilimo hicho cha pamoja, na hadi leo huchezwa Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma huko Kisesa. Ndani ya mpango huo kijana alijua zamu yake, alijua nani anamtegemea, na alijua atapimwa na nani. Hakuna aliyemwuliza kusudi lake ni nini, maana lilikuwa mkononi mwake.

Haifai kuyapamba mambo ya kale kupita kiasi. Wapo watemi waliozitumia nguvu za vijana kwa faida yao, na mabinti hawakupewa sauti iliyolingana na jasho lao. Kinachofaa kuchukuliwa huko ni kanuni yake: vijana walikabidhiwa kazi ambayo kijiji kiliihitaji kwa kweli, wakaiongoza wenyewe, na wakaonekana.

Kanuni hiyo ilifanya kazi tena katika zama za ukoloni. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walipochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, miongoni mwa waliojitokeza kuwaunganisha alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925. Mwaka 1955, alipokuwa na umri wa miaka 30, vyama vya msingi vya wakulima viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa kimojawapo cha vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Ikumbukwe kwamba wakati huo TANU ilikuwa imepigwa marufuku na wakoloni katika jimbo hilo, marufuku iliyodumu mpaka mwaka 1958. Hata hivyo vijana waliojua kusoma na kuandika walipata kazi iliyowapa heshima: kusoma mizani, kuandika stakabadhi, kutunza hesabu ya jasho la baba zao. Hawakuanza kwa kuota. Walianza kwa kuona dhuluma iliyokuwa mbele ya macho yao, wakaikataa kwa kalamu na mizani.

Na Ukerewe kuna mfano wa namna nyingine. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ili mila na lugha ya watu wake visipotee. Mchapishaji hakupatikana. Aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja, na kitabu kilichapishwa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki. Miaka 35 alibeba kazi ambayo hakuna aliyempigia makofi. Mwalimu anayetafuta la kuwaambia wanafunzi wake juu ya kusudi la maisha ana mtu huyo, umbali wa safari moja ya meli kutoka Mwanza. Ni shule ngapi za mkoa huo zina nakala ya kitabu chake katika kabati?

MAKOSA YASIRUDIWE

Itakuwa unafiki kuwakosoa wauzaji wa ndoto bila kuyatazama makosa ya upande wa pili, yaani makosa ya dola na ya Chama chenyewe. Tangu mwaka 1971, Mwongozo wa TANU uliwakanya viongozi dhidi ya majivuno na dharau kwa umma. Kujikosoa kwa hiyo ni wajibu.

Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963 ili kijana asiyejua nchi yake apate kuijua kwa jembe na kwa jasho. Mwaka 1966, wahitimu walipotakiwa kulitumikia taifa kwa miaka miwili na kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa sehemu kubwa ya muda huo, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba. Karibu 400 walirudishwa makwao. Wengi hukumbuka kufukuzwa huko, wakasahau lililofuata: Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alielewa kwamba mtu mzima hawezi kumdai kijana moyo wa kutumikia huku yeye akishikilia shibe yake. Somo hilo ndilo lililozaa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka uliofuata, na ndilo ambalo wakubwa wa baadaye walilipuuza kwanza.

Elimu ya Kujitegemea yenyewe iliharibiwa shuleni. Mwalimu Nyerere aliandika juu ya shamba ambalo wanafunzi wangelipanga, wangelilima, wangelifanyia hesabu na wangeliamulia mapato yake. Katika shule nyingi shamba liligeuka adhabu ya wachelewaji. Mwanafunzi alilima, mahindi yakaondoka, na hakuna aliyemwambia yameuzwa kwa shilingi ngapi. Hapo alifundishwa somo moja kwa ukamilifu: kwamba kazi ya mikono ni ya aliyeshindwa, na kwamba matunda yake huliwa na mwenye cheo. Walimu wanaoshangaa leo kwa nini kijana analikimbia jembe wasisahau kwamba alilijua jembe kama fimbo.

Kisha ikaja Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983. Nia yake ilikuwa kila mtu afanye kazi. Utekelezaji wake mijini ukawa msako. Watu walikamatwa mitaani, wakapakiwa katika malori, wakapelekwa vijijini kulima, na muda si mrefu wengi walikuwa wamerudi mjini. Lori laweza kumhamisha mtu. Haliwezi kumhamisha moyo. Mafunzo ya lazima ya JKT nayo yalisimamishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013, na wapo wanaodhani kwamba kurudishwa kwa gwaride kumemaliza tatizo. Gwaride humfundisha kijana kusimama wima. Swali la asimame kwa ajili ya jambo gani hubaki kwa mzazi wake, kwa mwalimu wake na kwa halmashauri yake.

MKOPO SI DHAMANA

Litatolewa pingamizi, nalo ni la haki: mwenye njaa hafundishwi maana ya maisha. Ni kweli. Hakuna hotuba inayoweza kuwa badala ya nyavu, ardhi, mtaji na soko. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,699,872 katika Mkoa wa Mwanza, kutoka 2,772,509 mwaka 2012. Sangara, aliyepandikizwa katika ziwa tangu miaka ya 1950, alizidi kwa wingi katika miaka ya 1980, akawaangamiza furu wa aina nyingi, akaleta viwanda vya minofu, kisha akapungua, na baadhi ya viwanda vikafunga milango. Watu wameongezeka na samaki wamepungua. Asemaye vijana wajiajiri na aseme pia wajiajiri katika nini.

Serikali haikukaa kimya. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mwezi Januari 2024 ulizinduliwa mjini Mwanza mpango wa mikopo ya boti na vizimba vya kufugia samaki. Hizo ni hatua njema. Lakini mikopo ya halmashauri ililazimika kusimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kufichua vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa.

Kikundi hewa hakikuundwa na kijana peke yake. Kina mhuri. Kina sahihi ya mtumishi aliyethibitisha kwamba watu hao wapo na mradi wao upo, bila kunyanyuka kitini. Kijana aliyeambiwa kwamba ili apate mkopo atafute majina 5 ya kujaza fomu amefundishwa, na mtumishi wa umma, kwamba ushirika ni karatasi. Babu yake alikwenda shambani kwa mstari na jembe. Yeye ameambiwa aweke sahihi. Na baadaye mtumishi yule yule huulizwa kikaoni kwa nini mikopo hairudi, naye hujibu kwamba vijana wa leo hawaaminiki.

LINALOWEZEKANA KESHO

Yapo mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya wala ruhusa ya Dodoma.

Shule yenye shamba, bustani au mradi wa kuku na iwakabidhi wanafunzi daftari lake. Wachague wenyewe mtunza hesabu, mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi, na mwalimu mkuu asiwe na haki ya kuchukua hata yai moja lisiloandikwa. Siku hiyo shamba litaacha kuwa adhabu.

Shule zilizo kando ya ziwa na zilitumie ziwa. Ni aibu mwanafunzi wa Ilemela kujifunza samaki kwa mchoro wa ubaoni ilhali chuo cha uvuvi kiko Nyegezi, na wa Misungwi kusoma habari za pamba kitabuni ilhali mbegu za pamba za nchi hii zimefanyiwa utafiti Ukiriguru kwa miongo mingi. Wanafunzi waende mwaloni wapime samaki, waandike ukubwa wao na bei zao mwezi hadi mwezi, kisha waisome taarifa hiyo mbele ya wavuvi. Mtoto wa kidato cha pili atakayewaeleza wazee kwamba sangara wanaouzwa wanazidi kuwa wadogo atakuwa amefanya kazi ambayo kijiji kinaihitaji, na hataisahau maisha yake yote.

Vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi katika mialo visiwe vya wenye vyombo peke yao. Vibarua wa mitumbwini, ambao wengi wao ni vijana, wawe na wajumbe wao, na hesabu ya mgawo isomwe kwa sauti mbele yao. Serikali ya kijiji iwape vijana waliomaliza kidato cha nne kazi ya kuandika mihtasari na kusoma mapato na matumizi mkutanoni, maana ndio wenye elimu iliyolipiwa na wananchi.

Na ofisa wa halmashauri, kabla hajaitisha semina nyingine ya ujasiriamali yenye posho na chupa za maji, na aende mwaloni saa ile mizani inapofanya kazi. Kikao cha kuamua mkopo wa kikundi kifanyike pale pale, mbele ya wanaowajua waombaji, na majina na marejesho yabandikwe mahali ambapo kila mpita njia atayasoma. Watakaokopa watajua kwamba wenzao wanawatazama. Na kutazamwa na wenzako, kama mstari wa nsumba ntale ulivyoonyesha, kunamjenga kijana kuliko mahubiri mia.

Kijana wa Kirumba hahitaji kuambiwa ajitafute. Yupo, anaonekana kila alfajiri, gunia begani. Anayetakiwa kujitafuta ni mtumishi na mwalimu anayepita kando yake akienda kazini, akiwa na funguo za kabati lenye daftari, mizani na orodha ya wajumbe, ambaye kwa miaka yote hiyo hajapata kumkabidhi kijana huyo hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Na aanze na daftari.